Amana ya Wenye Dhiki: Historia ya Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani Mbele ya Dola

Katika nchi ya Marekani kiko chama cha hisani ambacho si idara ya serikali, wafanyakazi wake si watumishi wa dola, wala hakina fungu lake la kila mwaka katika makisio ya nchi. Walakini sheria iliyokiunda ilitungwa na Kongresi, mwenyekiti wake huteuliwa na Rais, hesabu zake hupelekwa kila mwaka kwa Waziri wa Ulinzi zikaguliwe, na jumba lake kuu mjini Washington limesimama juu ya ardhi ya umma. Mwaka 1966, jimbo la Colorado lilipotaka kukitoza kodi, Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwamba kwa mambo ya kodi chama hicho ni chombo cha dola, na kwa hiyo jimbo halina mamlaka ya kukitoza. Chama chenyewe ni Msalaba Mwekundu wa Marekani, na kisa cha kuvutana na kupatana kwake na serikali tangu mwaka 1881 kinastahili kusomwa kwa makini na kila mtu aliyepata kutia sarafu katika kisanduku cha mchango, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo hakuna taifa lililoepukana nalo: aliyekabidhiwa amana ya wenye dhiki achungwe na nani, na achungwe namna gani?

Mwanzilishi wake, Bibi Clara Barton, alizaliwa tarehe 25 Desemba 1821 katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa mwalimu, kisha karani wa serikali mjini Washington, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 akajitwika, bila ya kutumwa na mtu, kazi ya kuwapelekea majeruhi chakula, nguo na dawa mpaka kwenye viwanja vya mapigano. Na vita vilipokwisha akafungua ofisi ya kuwatafuta askari waliopotea, ili wazazi na wajane wapate kujua kama wapendwa wao wako hai ama wamezikwa, na wamezikwa wapi. Mwaka 1869 alisafiri kwenda Ulaya kutafuta afya, na alipofika Geneva akapata habari ya chama kilichotokana na fikira za Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi aliyeona kwa macho yake maelfu ya majeruhi wakiteseka bila ya tabibu baada ya mapigano ya Solferino ya tarehe 24 Juni 1859. Hapo ndipo alipojua pia kwamba uko Mkataba wa Geneva, uliotiwa sahihi mwaka 1864, na kwamba Marekani, nchi iliyokwisha kumwaga damu nyingi katika vita vya wakati ule, haikuukubali.

Alirudi kwao na azma moja. Serikali ya Rais Hayes ilimkatalia, kwa hofu ya kujifunga na mataifa ya kigeni. Rais Garfield alimsikiliza kwa wema, lakini alipigwa risasi mwezi Julai 1881 akafa mwezi Septemba. Na ni Rais Chester Arthur aliyeutia mkataba ule sahihi mwezi Machi 1882, Seneti ikauthibitisha katika mwezi huo huo. Kabla ya hayo, tarehe 21 Mei 1881, Bibi Barton alikuwa amekwisha kukifungua chama chake mjini Washington, naye akachaguliwa kukiongoza, akiwa na umri wa miaka 59. Akakiongoza kwa muda wa miaka 23.

Kazi aliyoifanya katika miaka hiyo hainyimwi sifa na mtu mwenye insafu. Lilipopasuka bwawa juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, tarehe 31 Mei 1889, na gharika ikawaua watu 2,209, mama huyu wa miaka 67 alifika siku chache baadaye na waganga na wauguzi wake, akakaa katika matope yale kwa miezi mitano. Tufani ya mwezi Agosti 1893 ilipoviangamiza visiwa vya pwani ya South Carolina, ambavyo wakazi wake wengi walikuwa wakulima weusi waliotoka utumwani ama watoto wao, Kongresi haikutoa msaada, na Bibi Barton akaenda akakaa miezi kumi, akiwalisha watu wapatao 30,000 kwa mchango wa fedha taslimu uliokaribia dola 30,000 tu, akawapa mbegu na majembe, akawaongoza kuchimba mifereji ya kutoa maji ya chumvi mashambani, hata alipoondoka walikuwa wakila jasho lao wenyewe. Dola moja kwa kila mtu kwa miezi kumi! Sidhani kama kuna chama cha hisani leo, pamoja na elimu yote ya uhasibu iliyopo, kinachoweza kutoa mfano kama huo.

Na papa hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake. Chama kilikuwa ni yeye, na yeye alikuwa ni chama. Ghala la vifaa lilikuwa nyumba yake ya Glen Echo, Maryland. Fedha zake mwenyewe alizitumia katika kazi ya umma, na fedha za umma hazikutengwa sana na zake. Stakabadhi aliziona kuwa ni kizuizi mbele ya mwenye njaa. Maadamu mkono ule ulikuwa mwaminifu, maskini hawakudhurika. Lakini uaminifu wa moyoni haumtoshelezi aliye mbali, ambaye hana njia ya kuuona isipokuwa kwa daftari, na kadiri michango ilivyozidi ndivyo waliokuwa mbali walivyozidi.

Tarehe 6 Juni 1900 Kongresi ilikipa chama hati ya kisheria, ikakikabidhi wajibu wa kutimiza shabaha za Mkataba wa Geneva na wa kusaidia watu wakati wa maafa, na badala ya heshima hiyo ikakitaka kitoe taarifa ya mapato na matumizi kila mwaka. Mwezi Septemba mwaka huo huo bahari iliufunika mji wa Galveston, Texas, watu wasiopungua 6,000 wakafa, na Bibi Barton, ambaye sasa alikuwa na miaka 78, akaenda kama alivyozoea. Michango ilikusanywa, misaada ikagawiwa, na mahesabu yakabaki na mapengo. Kati ya wajumbe wapya wa baraza alikuwamo Bibi Mabel Boardman, binti wa ukoo wenye nafasi mjini Washington, mwenye akili kali na mpenda taratibu, naye akawa kiongozi wa wale waliosema kwamba chama cha taifa zima hakiwezi kuendeshwa kama mambo ya nyumbani.

Mwezi Desemba 1902 wafuasi wa Bibi Barton walipitisha kanuni ya kumfanya awe rais wa chama kwa maisha yake yote. Lilikuwa kosa kubwa, na ni kosa linalorudiwa hata sasa na vyama vingi vinavyompenda mwanzilishi wao. Mwezi uliofuata Rais Theodore Roosevelt alitangaza kwamba yeye na mawaziri wake hawatahesabiwa katika baraza la wadhamini wa heshima, na umma ukaelewa maana yake. Ikaundwa kamati chini ya Seneta Redfield Proctor wa Vermont kuchunguza tuhuma za fedha, pamoja na habari ya shamba la Indiana lililotolewa kwa ajili ya chama. Kamati iliketi mara chache, kisha shauri likaachwa lianguke bila ya hukumu ya kumtia hatiani wala ya kumsafisha. Tarehe 14 Mei 1904 Bibi Barton alijiuzulu, akaishi katika nyumba yake ya Glen Echo hata alipofariki tarehe 12 Aprili 1912, mwenye miaka 90, na kuvunjika moyo kwake hakukufichika. Kwa maoni yangu alidhulumiwa mara mbili: mara ya kwanza na marafiki waliokuwa wakimsifu bila ya kumwambia aweke mahesabu, na mara ya pili na dola iliyoanza kumchunguza hadharani ikashindwa kuimaliza kazi yake. Uchunguzi usiokuwa na mwisho humwachia mtu doa ambalo hapati mahali pa kulifutia.

Hati mpya ilipitishwa tarehe 5 Januari 1905, na ndiyo msingi wa kila kilichofuata. Serikali iliingia ndani ya chama kwa miguu miwili. Halmashauri kuu iliwekewa wajumbe 18, na sita kati yao waliteuliwa na Rais wa nchi: mmoja ndiye mwenyekiti, na watano waliobaki walitoka katika wizara za Mambo ya Nje, Vita, Majeshi ya Bahari, Hazina na Sheria. Hesabu za kila mwaka zikapelekwa kwa Waziri wa Vita, akazikagua na kuzifikisha mbele ya Kongresi. William Howard Taft, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa Marekani, alishika cheo cha urais wa chama, ilhali aliyekiendesha kwa kweli ni Bibi Boardman. Ukaguzi ulikuwa jambo jema lisilo na shaka. Kuwaketisha maofisa wa serikali katika kiti cha maamuzi ni shauri jingine, na watu wa wakati ule hawakuona tofauti ya hayo mawili. Waliona kwamba palipo na dola pana salama.

Vita vikuu vya kwanza vilikikuza chama kwa namna isiyopata kuonekana. Mwezi Mei 1917 Rais Wilson aliweka juu yake Baraza la Vita chini ya Henry Davison, tajiri wa benki ya J. P. Morgan, na katika miaka minne ya vita hivyo matawi yaliongezeka kutoka 107 hadi 3,864, na wanachama watu wazima kutoka 17,000 hadi zaidi ya milioni 20, na michango ya fedha na vitu ikafikia dola milioni 400. Chama kilitoka vitani na nguvu, na mazoea ya kusikiliza sauti ya Ikulu.

Mazoea hayo yalionekana mwaka 1927, mto Mississippi ulipovunja kingo zake. Waziri Herbert Hoover ndiye aliyeongoza uokozi, na Msalaba Mwekundu ukafungua kambi 154 za waliofukuzwa na maji. Katika baadhi ya kambi hizo, wakulima weusi walizuiliwa kutoka bila ya idhini, wakafanyishwa kazi ya kujenga kingo chini ya ulinzi wa bunduki, wakapewa posho kwa kupitia kwa wenye mashamba waliowadai. Malalamiko yalipotangaa, Hoover aliunda tume ya watu weusi chini ya Robert Moton, mkuu wa chuo cha Tuskegee. Wakaona mengi, na mengi waliyoyaona hayakutangazwa wakati ule. Mbegu, chakula na mahema yalifika, hilo ni kweli. Lakini chama hakikuwa na ujasiri wa kuwaambia wenye nguvu wa mahali pale kwamba msaada haugawiwi kwa rangi ya mtu.

Miaka mitatu na nusu baadaye likatokea jambo la ajabu zaidi. Ukame wa mwaka 1930 uliyakausha mashamba ya majimbo mengi, na Arkansas ikapata mateso makubwa kuliko yote. Tarehe 3 Januari 1931 wakulima wapatao 500 waliingia katika mji mdogo uitwao England, katika jimbo hilo, wakidai chakula cha watoto wao, baada ya kuambiwa kwamba fomu za kuombea msaada wa Msalaba Mwekundu zimekwisha. Seneta Joseph Robinson wa Arkansas akaleta hoja kwamba Kongresi iukabidhi Msalaba Mwekundu dola milioni 25 za hazina ya taifa ziwalishe wenye njaa. Mwenyekiti wa chama, Jaji John Barton Payne, akaitwa kamatini, akajibu kwamba chama hakitazipokea. Kitakusanya milioni 10 kwa mchango wa hiari, na hizo zitatosha.

Wako waliomsifu kwa kuuhifadhi uhuru wa chama, na wako waliosema kwamba aliyekuwa akisema kwa kinywa chake ni Hoover, ambaye sasa alikuwa Rais, na ambaye hakutaka kabisa serikali iwalishe raia. Mimi naiona hoja ya pili kuwa na uzito zaidi. Chama chenye mwenyekiti aliyeteuliwa na Rais hakiwezi kuapa kwamba kinajikinga na siasa pale kinapokataa fedha ambazo Rais hataki zitolewe. Na ushahidi ulikuja upesi: mwaka 1932, Rais alipobadilisha msimamo wake na Kongresi ikatoa ngano iliyokuwa imejaa katika maghala ya serikali, vipimo milioni 85 kwa jumla, Msalaba Mwekundu uliipokea na kuigawa nchini kote bila ya kuteta. Kanuni iliyokuwa nzito mwaka mmoja nyuma ilikuwa imekuwa nyepesi. Wenye njaa wa Arkansas hawakuwa na mjumbe katika halmashauri ile kuuliza sababu.

Katika vita vikuu vya pili utii huo ulileta aibu kubwa zaidi. Chama kilipoanza kukusanya damu kwa ajili ya majeruhi, mpango ulioongozwa hapo mwanzo na elimu ya Charles Drew, daktari mweusi, kilikataa damu ya watu weusi kwa matakwa ya wakuu wa jeshi. Mwezi Januari 1942, baada ya malalamiko, ikakubaliwa lakini ikawekwa mbali, chupa zikiandikwa rangi ya mtoaji, ijapokuwa wataalamu walikwisha kusema kwamba damu ya binadamu haina ubaguzi huo. Alama zile ziliondolewa mwaka 1950. Chama kilichosema mwaka 1931 kwamba hakiongozwi na dola hakikuweza kusema neno hilo pale lilipohitajika hasa.

Matawi yalilalamika kwamba hayana sauti, na sheria ya tarehe 8 Mei 1947 ikayapa. Baraza jipya la magavana lilikuwa na watu 50: thelathini wakichaguliwa na matawi, kumi na wawili wakichaguliwa na baraza lenyewe, na wanane wakiteuliwa na Rais, mwenyekiti akiwa mmoja wao. Kwa karibu miaka 60 mpango huo ulidumu. Ulionekana kuwa wa kidemokrasia, na ulikuwa hivyo kwa idadi ya watu. Lakini watu 50 hukutana ili wapashwe habari, na wachache miongoni mwao ndio wanaoamua. Wale mawaziri walioketishwa ili wawe jicho la dola aghalabu hawakuhudhuria, kwa sababu waziri ana wizara yake. Viti vyao vilihesabiwa kuwa ni ulinzi, na viti vilikuwa vitupu.

Ndipo ikaja tarehe 11 Septemba 2001. Watu wa Marekani, na wengi wa nchi nyingine, walitoa kwa wingi usiopata kuonekana, na chama, chini ya uongozi wa Daktari Bernadine Healy, kikaifungulia michango hiyo mfuko wa peke yake ulioitwa Mfuko wa Uhuru. Ulipofika mwezi Novemba mfuko ulikuwa na ahadi za zaidi ya dola milioni 500. Watoaji walidhani, na ni nani angedhani vinginevyo, kwamba kila senti ingewafikia wajane, yatima na waliopoteza kazi zao kwa siku ile. Kumbe chama kilikuwa kimepanga kutenga zaidi ya milioni 200 kwa mambo mengine, yakiwamo akiba ya damu, mitambo ya mawasiliano na maandalizi ya mashambulizi yajayo. Daktari Healy alikuwa amekwisha kutangaza kujiuzulu mwishoni mwa Oktoba, baada ya kugombana na baraza lake, alipoitwa tarehe 6 Novemba mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi akahojiwa kwa ukali, huku wajane wakitoa ushahidi wa jinsi walivyozungushwa kutoka dirisha hadi dirisha.

Wapo waliomtetea, na hoja yao si ya kupuuzwa: chama cha maafa kisichoweka akiba hujikuta mikono mitupu siku ya msiba unaofuata. Lakini akiba huombwa kwa jina la akiba. Mtu aliyetoa kwa ajili ya yatima fulani ameweka sharti, na watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, waliozoea kuona mutawalli, msimamizi wa wakfu, akifungwa na sharti la mwenye kuweka wakfu hata baada ya kufa kwake, hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Tarehe 14 Novemba chama kilirudi nyuma kikatangaza kwamba Mfuko wote wa Uhuru utakwenda kwa walioathirika na watu wao, na Seneta wa zamani George Mitchell akaombwa asimamie ugawaji. Mwishowe mfuko ule ulivuka dola bilioni moja. Zingatia kwamba wizara zilizokuwa na viti barazani hazikuzuia kosa hili. Lililolizuia ni maswali ya wawakilishi wa watu, yaliyoulizwa mchana, mbele ya waandishi wa magazeti.

Miaka minne baadaye, tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipiga pwani ya Ghuba ya Mexico. Msalaba Mwekundu ulikusanya zaidi ya dola bilioni mbili, ukawahifadhi na kuwalisha watu kwa mamia ya maelfu. Ukashutumiwa pia kwa kuchelewa kufika penye wakazi weusi na maskini wa vijijini, na katika kituo cha simu cha Bakersfield, California, kilichoajiriwa kuidhinisha malipo, makumi ya watu walishtakiwa kwa kujilipa wenyewe na jamaa zao. Mkuu wa chama, Marsha Evans, aliyekuwa amiri katika jeshi la majini, aliondoka mwezi Desemba katika ugomvi na baraza. Seneta Charles Grassley wa Iowa, aliyekuwa akiongoza kamati ya fedha ya Seneti, akaandika barua akitaka nyaraka za chama: kumbukumbu za vikao, mahudhurio ya wajumbe, malipo ya wakuu walioachishwa. Hapo ndipo utupu wa viti vile vya mawaziri ulipojulikana rasmi.

Kwa haki, chama hakikukaa kikingoja kuburutwa. Chini ya mwenyekiti Bonnie McElveen-Hunter kiliita wataalamu, na mwezi Oktoba 2006 kikachapisha taarifa iliyojikosoa bila ya kuficha. Juu ya taarifa hiyo ikajengwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais George W. Bush tarehe 11 Mei 2007. Baraza la watu 50 liliamriwa lipungue hata lifike wajumbe kati ya 12 na 20 kabla ya Aprili 2012. Kazi yake ikatajwa wazi kuwa ni kusimamia na kuangalia, si kuendesha. Rais akabakiwa na mamlaka ya kumteua mwenyekiti peke yake, tena kwa mapendekezo ya baraza, na mawaziri wakahamishiwa katika baraza la ushauri. Ikaundwa ofisi ya mpokea malalamiko, anayetoa taarifa kwa Kongresi kila mwaka. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za taifa akaidhinishwa kuchunguza ushiriki wa chama katika kazi yoyote ya serikali.

Yatazame mabadiliko hayo kwa makini. Kwa muda wa miaka 102 dola iliamini kwamba ili kukilinda chama yapasa iingie ndani. Mwaka 2007 ilikiri kwamba yafaa itoke ndani, isimame mlangoni, na iwe na haki ya kufungua daftari. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na lilicheleweshwa kwa karne nzima kwa sababu kiti cha waziri kina fahari, ilhali kazi ya mkaguzi haina.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa sheria huweza kufungwa tena kwa mkono. Zilizala ya Haiti ya tarehe 12 Januari 2010 ilikiletea chama karibu dola milioni 500. Mwezi Juni 2015 waandishi wa ProPublica na wa redio ya NPR walitangaza kwamba nyumba za kudumu zilizojengwa na chama katika nchi ile zilikuwa sita. Chama kilijibu kwamba fedha nyingi zilipitia katika mashirika mengine, kwamba nyumba zilizotengenezwa na makao ya muda ni mengi, na kwamba milki za ardhi katika Port-au-Prince zilikuwa hazijulikani mwenyewe. Na katika majibu hayo mna ukweli, kwa maana hakuna awezaye kujenga juu ya kiwanja chenye madai matatu. Hata hivyo Seneta Grassley alirudi na maswali yake, na taarifa yake ya mwaka 2016 ikaonyesha kwamba karibu robo ya fedha ilikwenda katika uendeshaji, ukusanyaji michango na gharama nyingine za ndani. Taarifa hiyo hiyo ilieleza kwamba mkuu wa chama, Gail McGovern, alikuwa amemwandikia mbunge Bennie Thompson mwaka 2014 akitaka uchunguzi wa Mkaguzi Mkuu usimamishwe.

Uchunguzi haukusimama. Taarifa ya Mkaguzi Mkuu ilitoka mwezi Septemba 2015, na maneno yake yalikuwa ya upole na mazito kwa pamoja: hakuna chombo cha serikali kinachopima kwa kawaida, mara kwa mara, kazi ya chama hiki katika maafa, ijapokuwa taifa linakitegemea, basi Kongresi na ifikirie kuunda utaratibu wa upimaji huo. Miswada ililetwa katika mabaraza yote mawili ya kumfungulia Mkaguzi Mkuu vitabu vyote vya chama, wala haikupata kuwa sheria.

Nchi zetu za Afrika Mashariki nazo zilirithi matawi ya Msalaba Mwekundu wa Uingereza, na zilipojitawala kila moja ilitunga sheria yake: Tanganyika mwaka 1962, Uganda 1964, na Kenya tarehe 21 Desemba 1965, mwaka ule ule ambao mkutano wa Vienna ulitangaza misingi saba ya Msalaba Mwekundu, na ndani yake ule wa kujitegemea, unaosema kwamba chama cha taifa ni msaidizi wa serikali katika kazi ya huruma, na pamoja na hayo lazima kibaki na uhuru wa kutenda kwa mujibu wa misingi yake wakati wote. Tangu hapo watu wetu wamechanga katika ukame na mafuriko, sokoni, misikitini na makanisani, na siku hizi kwa simu za mkononi, na mchango wa muuza mboga umechanganyika na wa benki katika mfuko mmoja.

Wabunge watakaoketi Dodoma, Kampala ama Nairobi kuzitazama upya sheria hizo na waisome sheria ya Marekani ya mwaka 2007, kisha waiongezee kifungu kile ambacho Kongresi imeshindwa kukipitisha: kwamba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu avifungue vitabu vyote vya chama kila baada ya muda uliotajwa, bila ya kungoja msiba wala malalamiko, na kwamba taarifa yake isomwe bungeni na kuchapishwa kwa Kiswahili, imfikie muuza mboga yule.